Mzee Lami, Utarudi Lini?

Usingizi unamkuta Tusekile amekaa juu ya kreti la soda ndani ya kichumba cha maiki, kinyago kikiwa tayari usoni, daftari mapajani, na umeme umekatika. Ni saa nane mchana, na mvua ya Mbeya inapiga bati bila haraka, mvua inayojua kwamba itakuwepo mpaka jioni. Kuta za kichumba zimebandikwa magodoro chakavu ili sauti isirudi, kwa hiyo hata mvua yenyewe anaisikia kwa mbali, kana kwamba inanyesha wilaya nyingine. Nje ya mlango Asajile, prodyuza wake, amemwambia wasubiri kidogo, umeme utarudi sasa hivi, halafu amejilaza kwenye kochi. Tusekile hakuvua kinyago. Alikishona mwenyewe kutokana na kiroba cha mchele, matundu mawili ya macho na moja la mdomo, na kwenye shavu la kushoto bado yanasomeka maandishi ya kilo ishirini na tano. Akikivaa anakuwa Mzee Lami, dereva wa malori ya masafa marefu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, anayechana mistari ya rap kwa sauti nzito ambayo Asajile huishusha kwa mashine. Akikivua anakuwa msichana wa miaka ishirini na tatu anayetoa fotokopi jirani na ofisi ya kata, huko Sae. Wanaomjua Mzee Lami ni maelfu. Wanaojua kwamba Mzee Lami ni Tusekile ni wawili tu, yeye na Asajile.

Mzee Lami hakutoka hewani. Baba yake Tusekile, Angolwisye, alikuwa dereva kweli, na Tusekile alikuwa na miaka tisa siku baba alipopakia unga wa ngano kuupeleka Kolwezi, huko Katanga, ng'ambo ya mipaka miwili. Wiki sita baadaye lori lilirudi likiendeshwa na mtu mwingine. Mtu huyo alisema alikabidhiwa funguo mpakani Kasumbalesa na kuambiwa airudishe gari, basi, zaidi ya hapo hajui. Haikuja barua, haikuja simu, haikuja taarifa ya kifo. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, hapakuwa na matanga, na kwa miaka kumi na minne mama yake, Subilaga, akabaki mke wa mtu ambaye hayupo. Tusekile alipoanza kuchana akiwa sekondari, kila alichoandika kwa jina lake kilikuwa kikavu kama hotuba ya mgeni rasmi. Siku moja akajifunika kiroba mbele ya kioo, kwa mzaha tu, akasema mimi, na huyo mimi akawa baba. Mistari ikamwagika. Wimbo wa kwanza, baba amekwama kwenye foleni ya malori mpakani na kila siku anaahidi kesho. Wa pili, baba ana nyumba nyingine Kolwezi na mwanamke anayeitwa Masengo. Wa tatu, baba amekatwa mguu na anaona aibu kurudi kwa magongo. Nyimbo tatu, sababu tatu, na zote redio ya mkoa inazipiga kila Jumamosi saa kumi.

Kosa lilikuwa chumvi. Ndani ya wimbo wa kwanza Tusekile aliweka mstari unaosema mzee anatia chumvi kwenye chai, kwa sababu baba alikuwa anatia chumvi kwenye chai, na mama aliposikia akaweka chini kisu na kitunguu. Huyu ni baba yako, alisema. Nani mwingine duniani anafanya hivyo? Tusekile angeweza kusema siku ile. Hakusema. Jumamosi iliyofuata mama alioga mapema, akavaa gauni lake la kanisani, akakaa mbele ya redio mikono ikiwa mapajani kama mtu aliyeitwa ofisini. Wimbo wa pili ulimliza na bado akasema afadhali, kumbe yuko hai. Na wiki iliyopita, bila kumwambia mtu, alipiga simu redioni. Mtangazaji akasoma ujumbe wake kwa furaha zote za watangazaji: Mama Subilaga wa Sae anamuuliza Mzee Lami, utarudi lini? Sasa mkoa mzima unasubiri jibu, na ndiyo maana Tusekile yuko hapa leo, na daftari lake tangu asubuhi halina hata mstari mmoja.

Maiki inakohoa. Tusekile anajua haina umeme, lakini inakohoa, kikohozi cha mtu mzima anayeamka, na anasimama na kusukuma mlango wa kichumba, na upande wa pili hakuna kochi wala Asajile. Kuna barabara. Ni barabara ya lami kavu, haijawahi kuona mvua, na juu yake malori yamesimama pua kwa mkia, injini zimezimwa, maturubai yamefungwa, kuanzia pale miguu yake ilipo mpaka pale macho yanapochoka. Anatembea pembeni mwa foleni akichungulia kabini moja baada ya nyingine. Hamna madereva. Kwenye viti kumebaki mabonde ya makalio yao, yenye joto bado anapoyagusa, na anatembea, na malori hayaishi, na kila anapogeuka nyuma mlango aliotokea uko mbali kwa kiasi kilekile, kama unamfuata kwa adabu. Halafu anamwona mtu wa kwanza. Amevaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, kwapani ana mafaili, ni wakala wa forodha kama wale wa mpakani wote, isipokuwa mahali pa uso pana ngozi tupu, laini, kama tumbo la sufuria lililosuguliwa miaka mingi.

Karibu Mzee Lami, anasema wakala, na sauti inatoka mahali fulani kwenye kola.

Mimi siye Mzee Lami, anasema Tusekile. Ni binti yake. Yaani, ni binti wa baba yangu.

Karatasi zinasema ndiye.

Namtafuta baba. Angolwisye. Alipita hapa na unga wa ngano.

Wakala anafungua faili, anapekua, anafunga. Unamtaka yupi, anasema, huyo aliyeondoka mara moja, akarudi mara tatu, na hajafika hata siku moja? Tusekile anamwambia haelewi mafumbo. Mimi sitegi mafumbo, anajibu wakala, wewe unaandika na mimi napanga karatasi, twende. Wanaondoka pamoja, na barabara inawapeleka getini, na ng'ambo ya geti kuna mji. Tusekile anaujua, ni Tunduma, maduka ya vitenge, wabadilisha fedha wamekaa chini ya miamvuli, mwanamke anakaanga chipsi kwa mkono wa kulia. Wanavuka geti la pili waingie nchi nyingine na nchi nyingine ni Tunduma hiyohiyo, imegeuzwa ndani nje kama nguo, maandishi ya maduka yanasomeka kinyumenyume na mwanamke wa chipsi anakaanga kwa mkono wa kushoto. Wanavuka tena na mkono wa kulia unarudi. Wanavuka tena. Kila mji wanaoingia watu ni walewale ila wanazidi kumfahamu, katika mji wa kwanza wanamtazama, katika wa tatu wanampungia, na kufikia wa tano wazee wenye mvi, wazee ambao wangeweza kumzaa baba yake, wanasimama kwenye viti vyao na kumwambia shikamoo Mzee. Anaitikia marahaba kwa sababu hajui afanye nini kingine. Hakuna anayemuuliza habari za nyumbani, hakuna anayemuuliza amekula. Wanataka awachanie kidogo. Anapokataa wanacheka, wanasema Mzee ana maringo, na wanaendelea na kazi zao, na hajawahi kusalimiwa na watu wengi hivi na kujiona mpweke hivi.

Dereva wa kwanza anamkuta ndani ya kabini, kwenye foleni, mji wa sita au wa saba. Kuna birika kwenye jiko dogo la gesi karibu na gia, na mwanamume mnene kiasi amekaa nyuma ya usukani, na usoni ana kiroba cha mchele. Tusekile anapanda ngazi ya kabini kwa magoti. Baba, anasema, na mtu yule anageuka na kuanza kusema kwa mdundo, bila biti, kichwa kikinesa: injini imelala, foleni haisogei, nimeahidi kesho, na kesho hainipokei. Tusekile anamshika mkono, na mkono una joto. Baba, ulikuwa unaniita nani asubuhi, ukitaka kuniamsha niende shule, ulikuwa na jina lako la kuniita, lilikuwa nani? Injini imelala, anasema mtu yule, foleni haisogei. Anafika mwisho wa mistari yake kumi na sita, anameza mate, anaanza mwanzo. Tusekile anamsikiliza mara tatu. Mara ya tatu anaona pale alipoweka neno baya ili tu vina vikubaliane, na anaona aibu, kwa kuwa mtu yule analisema neno lile baya kwa uaminifu wote, kama vile maisha yake yote yamesimama juu yake. Nayo yamesimama juu yake kweli. Anashuka.

Wakala anamsubiri chini. Mbona hajibu, anauliza Tusekile. Alichopewa ndicho anacho, anasema wakala, na wanavuka geti.

Kolwezi ni mlango. Hakuna mtaa kabla yake, umesimama peke yake kwenye vumbi jekundu, mlango wa bluu wenye pazia la shanga, na nyuma ya mlango kuna chumba, na ndani ya chumba kuna kitanda, basi. Hakuna dirisha wala meza, ukuta wa nyuma haujaisha, na pale ulipokatika kuna weupe mtupu kama karatasi. Kwenye kitanda amekaa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, nywele zimesukwa vizuri, na anacheka. Anacheka kile kicheko kibaya cha mwanamke aliyechukua mume wa mtu. Tusekile anakijua kicheko hicho, kipo mstari wa tisa.

Ingia mama, ikala, anasema Masengo, na kwa Kiswahili chake cha Katanga maana yake ni kaa. Njo wewe uliniandika?

Tusekile anakaa ukingoni mwa kitanda. Anasema ndiyo, ni mimi niliyekuandika.

Mi nakungojea siku mingi, anasema Masengo, na anacheka, na macho hayacheki, macho yamechoka kama ya mtu aliyelazwa wodini. Ulinipatia mlango, ulinipatia kitanda, ulinipatia kucheka. Hata sufuria hapana. Minacheka asubuhi, minacheka magaribi. Ukiwa unacheka hivi huwezi hata kulala vizuri, mbavu zinauma. Na kila Jumamosi, hapo saa kumi, mawe.

Mawe gani?

Masengo anaonyesha juu. Bati limetoboka kila mahali. Bamama ya kwenu, anasema. Wimbo ukipigwa wananitukana wote pamoja, na tusi likifika huku linakuwa jiwe. Mi sikuiba bwana wa mutu. Mi sikumujua huyo bwana. Tusekile anatazama sakafu na kweli ni mawe, madogo madogo, mengine yamefagiliwa pembeni kwa mpangilio. Anataka kusema samahani na inatoka sauti ya Mzee Lami, nzito, imeshushwa, anajisikia kama anadanganya hata hapo. Anajaribu tena, polepole. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, anasema. Kama kuna mwanamke, basi kuna sababu. Mama alikuwa hana hata mtu wa kumchukia. Masengo anatikisa kichwa, anacheka, anajifuta machozi. Na yeye huyo bwana, anauliza Tusekile, anakuja? Anasimama hapo kwa mlango, anasema Masengo, anasema maneno yake yote, halafu anaenda. Hajaingia hata siku moja. Hukumuandika kuingia.

Basi wanakaa, wanawake wawili kwenye kitanda kimoja, na mmoja wao anacheka bila kutaka. Tusekile anagundua daftari bado analo, na kalamu, na anaandika bila vina wala mdundo, sufuria. Inatokea sakafuni, kubwa, ya kutosha watu sita, kifuniko hakuna. Anaandika kifuniko. Anaandika jiko, kiti, dirisha upande wa mashariki. Anaandika Masengo amenyamaza. Kicheko kinakatika, na ukimya unaokuja unamshtua Masengo mwenyewe, anashika koo, anavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, anakwenda kukaa kwenye kiti na kuangalia nje. Asante, anasema. Halafu, bila kugeuka, anasema, sasa niandikie mutu wa kupikia. Tusekile anashika kalamu. Anafikiri mume, anafikiri mtoto, anafikiri jirani, lakini kila anayemfikiria anakuja na kiroba usoni, na hataki kumletea mwanamke huyu mtu mwingine wa namna hiyo. Sijui kuandika mtu mwingine, anasema. Masengo anaitikia kwa kichwa, hana hasira, kama mtu aliyeuliza tu ili iwe ameuliza. Tusekile anapotoka anamsikia nyuma yake akifunika na kufunua sufuria tupu.

Dereva wa wimbo wa tatu hamfikii. Anamwona anavuka barabara kwa magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini, na anakimbia kumfuata akiita baba, baba, na mtu yule anaenda kasi kuliko mwenye miguu miwili, anapenya kati ya malori, na kutoka huko anapiga kelele bila kugeuka: usinifuate, uliandika naona aibu! Tusekile anasimama katikati ya barabara. Pumzi zinamrudia ndani ya kiroba, za moto, zinanuka mchele wa zamani. Wakala anamfikia taratibu na mafaili yake. Nitajie sura yake ya kweli, anasema, sio hawa, yule mwenyewe, nitajie na mimi nitatafuta kwenye faili mpaka nimpate. Tusekile anafunga macho amwone. Kinachokuja ni kiroba. Anatafuta sauti, na inayokuja ni ile ya mashine, anasikia hata mahali Asajile alipoizidisha besi. Miaka miwili amesema kwa niaba ya baba mpaka baba ameacha kusema. Anatia chumvi kwenye chai, anasema kwa haraka, ana koti lenye harufu ya dizeli, akicheka anafunika mdomo kwa sababu ya jino. Wakala anatikisa ule uso usiokuwepo. Hivyo vyote umeshavitumia, anasema, na vilivyotumika sivipokei. Una kingine? Tusekile anasimama na kutafuta, anatafuta mpaka miguu inakufa ganzi, na lile jina la asubuhi linamjia karibu, anasikia herufi yake ya kwanza kama mtu anayevuta hewa kabla ya kuita, halafu linaondoka. Hana kingine.

Basi nikwambie, anasema wakala, na kwa mara ya kwanza sauti yake ina huruma. Kuna kitu ukikivaa wanakuona, ukikivua hawakuoni. Anampisha njia. Mbele hakuna geti tena na hakuna mji, mji wa wimbo wa nne haujajengwa, kuna uwanda mweupe tu na juu yake watu wamesimama, maelfu, wamegeuka kumtazama yeye. Wanasubiri. Hawapigi kelele za shoo, hawanyanyui mikono, wamenyamaza kama watu waliosimama kwa sala. Mstari wa mbele kabisa, katikati, amesimama mama yake na gauni la kanisani, mkoba kwenye kiwiko, uso umemeremeta. Tusekile hajawahi kuuona uso huo. Yaani amewahi, zamani, akiwa na miaka saba au nane, honi ya lori ilipokuwa inalia kule barabara kuu. Mzee Lami, anasema mama, kwa haya, kama msichana. Utarudi lini?

Anafungua mdomo. Anajaribu kesho, anajaribu sijui, anajaribu mke wangu nisamehe, na yote yanakwama kwenye tundu la kiroba. Watu wanasubiri. Mama anasubiri, tabasamu limeanza kumchoka mashavuni. Ndipo Tusekile anashika kiroba kwa mikono miwili na kukivua, na upepo unampiga usoni, na anasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya msichana wa fotokopi: mama, ni mimi. Mnong'ono unapita kwenye umati. Watu wanageuza shingo, wanatafuta. Amekwenda wapi, wanaulizana, alikuwa hapa sasa hivi. Mama naye anatafuta, anasimama kwa vidole, anaangalia juu ya bega la kushoto la Tusekile, juu ya bega la kulia. Mama, ni mimi, Tusekile, ni mimi siku zote. Mama anamgusa mkono, kwa upole, jinsi anavyomgusa mtu asiyemjua akiwa anapita kati ya mabenchi. Dada, nipishe kidogo, anasema. Unaniziba.

Anaamka akiwa kwenye kreti. Shingo imekakamaa, kinyago kimelowa kwa ndani, na taa nyekundu ya maiki inawaka. Asajile amesimama mlangoni, headfoni shingoni, anamtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama. Umeme umerudi saa ngapi, anauliza Tusekile. Asajile anakunja uso. Umeme haujakatika leo, dada yangu. Nimekuacha humo nusu saa nzima, ulikuwa unaongea, sikutaka kukukatiza. Nimerekodi yote, nikupigie usikie? Tusekile anasema hapana. Anasema hapana mara mbili. Anakunja kiroba, anakitia kwenye mkoba, anatoka kwenye mvua bila mwamvuli, na njia nzima kutoka studio mpaka Sae anasoma mabango ya maduka moja moja, kwa sauti, na yote yanasomeka vizuri, lakini hata hilo halimpi uhakika, kwani huko nako nusu ya miji ilisomeka vizuri.

Mama yuko jikoni, nyumba ndogo ya nje, anamenya viazi na kuvitumbukiza kwenye beseni la maji. Umelowa, anasema. Njoo uote moto. Tusekile haoti moto. Anasimama mlangoni, maji yanamchuruzika, na anasema, mama, Mzee Lami ni mimi. Kisu kinaendelea kuzunguka kiazi. Ganda linashuka refu, bila kukatika, mpaka linaanguka. Mama anachukua kiazi kingine. Hebu chana, anasema. Tusekile anatoa kiroba kwenye mkoba na mama anasema, bila hicho. Basi anachana pale jikoni, amesimama kwenye moshi, bila biti na bila mashine, wimbo wa foleni kuanzia mwanzo, na sauti yake nyembamba inapofika kwenye ile chumvi inakatika, na anamaliza kwa kunong'ona. Mama ameacha kumenya.

Ni wewe kweli, anasema.

Nisamehe, mama.

Nilijua hiyo sio sauti yake, anasema mama. Ya kwake haikuwa nzito vile. Lakini nilifikiri, labda mtu akikaa mbali sana sauti inashuka. Anafuta mikono kwenye kanga, anaitazama, anaifuta tena. Miaka kumi na minne, mwanangu. Kanisani kuna wamama wenye ndoa na kuna wajane, na mimi kila wakiitwa nabaki nimekaa. Hakuna aliyewahi kuniambia pole. Watanipa pole ya nini? Tusekile anapiga magoti kando yake na kumshika mkono wenye maji ya viazi. Mama hauondoi. Basi mwambie afe, anasema mama.

Nani?

Huyo mzee wako. Mwimbe amekufa. Sema ni wapi, sema aliumwa nini, sema hakuteseka. Sema kulikuwa na watu, walimfunika vizuri, na mmoja alijua kuomba.

Lakini mama, huo ni uongo. Hatujui.

Na hizo nyingine zilikuwa nini?

Tusekile anainamisha kichwa, na mvua inapiga bati, na anaanza, kwa sauti yake, kwanza akitafuta maneno, halafu akiyapata. Anasema ni Kolwezi, homa, siku nne. Anasema kulikuwa na mwanamke jirani aliyempikia uji, akamlisha kwa kijiko, akamfumba macho. Anasema udongo wa huko ni mwekundu na haukuwa mgumu kuchimba. Hajamaliza mstari wa sita mama anapoachia sauti. Si kilio alichowahi kukisikia, kinatoka chini sana, kinapanda, kinapita kwenye bati na kutoka, na beseni linapinduka, na viazi vinaviringika mpaka uani. Tusekile anamshikilia mama kwa mikono yote miwili na anaendelea kuchana sikioni mwake, kwa kuwa mama kati ya vilio anasema endelea, endelea.

Majirani wanasikia. Wanakuja kupitia uzio wa matete, wameweka kanga vichwani, kwanza wawili, halafu watano, na hakuna anayeuliza kitu, wanavua viatu, wanakaa chini jikoni na kwenye baraza na kuanza kulia na mama kama inavyotakiwa. Mtu anawasha jiko la pili. Mtu ameshatafuta mkeka. Tusekile anasimama, anawatazama wote hawa waliojaa ghafla kwenye nyumba iliyokuwa na watu wawili tu kwa miaka yote hiyo, na hajui kama ameamka. Anajibana kiganja kwa kucha na kinauma, lakini huko nako mambo yaliuma. Mama Gwantwa wa nyumba ya tatu anamjia, anamshika mikono yote miwili, mikono yake ina baridi ya mvua. Pole sana mwanangu, anasema. Ni nani?

Baba, anasema Tusekile.

Ndaga, mwanangu. Pole. Amefariki lini?

Tusekile anageuka kumwangalia mama, aliyeketishwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kichwa kimelazwa kwenye paja la mtu, analia vizuri, analia kama anayepumzika. Kama hii nayo ni barabara ya huko, basi hatavuka geti jingine.

Leo, anasema.